Honi ya Hodi

Ukitaka kumkasirisha Kamanda, mwambie kazi yake ni kubonyeza vitufe. Wapo waliojaribu. Kila mmoja alipandishwa ngazi hamsini na mbili hadi chumba cha mitambo, akakalishwa kwenye kiti cha chuma mbele ya meza yenye taa na swichi, akaambiwa, "Haya, bonyeza." Hakuna aliyethubutu. Walishuka kimya kimya, na Kamanda akabaki juu anafuta meza kwa kitambaa chake, roho kwatu.

Daraja lenyewe lilikuwa la kunyanyuka: mabawa mawili ya chuma yanayokutana katikati ya mto, magari juu, vyombo chini. Kulifungua kulihitaji watu wawili, hakuna njia ya mkato. Mmoja anakaa juu kwenye mitambo, mwingine anasimama barabarani kushusha vizuizi na kuhakikisha hakuna mwenye haraka zake aliyebaki katikati. Kengele, taa nyekundu, vizuizi, komeo linachomoka, mota inanguruma, mabawa yanapanda, chombo kinapita, mabawa yanashuka. Dakika kumi na mbili. Kamanda alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na bado kila mabawa yalipoanza kupanda alivuta tumbo ndani na kunyoosha shingo, kana kwamba ndiye anayeyanyanyua kwa mikono yake.

Jina la Kamanda mama huyu alipewa na manahodha, nalo lilimkaa. Maringo alikuwa nayo, tusimfiche. Sare yake aliipiga pasi mwenyewe, hakumwachia mtu. Na ukutani, juu ya meza ya mitambo, palikuwa na vyeti vitatu ndani ya fremu za kioo, vyote kutoka makao makuu, vyote vikisema jambo lilelile: kwamba katika daraja hili hakuna chombo kilichowahi kusubiri. Mtu akibisha, Kamanda alimfunulia daftari. Safu ya kwanza, saa ya honi. Safu ya pili, saa ya kufungua. Safu ya tatu, dakika za kusubiri. Na katika safu ya tatu, kuanzia juu hadi chini, ukurasa kwa ukurasa, sifuri.

Lakini hapo kwenye sifuri pana maneno, na ni bora tuyaseme mapema. Chombo kilipokaribia daraja kilipiga honi moja ndefu. Hiyo wenyewe waliiita honi ya hodi, yaani nimefika, nipo hapa chini. Wale wa juu walitazama barabarani kama kuna foleni, wakatazama mtoni kama kuna chombo kingine kinachokuja ili vipite pamoja, wakaangalia nani anakula na nani ameenda msalani. Walipokuwa tayari walitundika kitambaa cha njano dirishani. Nahodha alipokiona alipiga honi tatu fupi, na hiyo ndiyo iliyoitwa honi ya daftari. Hapo ndipo Kamanda alipotazama saa, akaandika, akafungua. Kutoka honi ya daftari hadi kufungua haikupita hata dakika moja. Kutoka honi ya hodi hadi honi ya daftari je? Hiyo haikuwa na safu.

Utaratibu huo aliukuta. Aliyemfundisha kazi alikuwa fundi mkongwe aliyeitwa Babu Grisi. Zamani hizo kulikuwa na mkaguzi mkali aliyedai barua ya maelezo kwa kila chombo kilichosubiri zaidi ya dakika tano. Babu Grisi aliandika barua tisa katika wiki moja, na ya kumi hakuiandika. Badala yake alibuni kitambaa cha njano. "Honi ambayo sijaiitikia haijapigwa," alimwambia Kamanda siku yake ya kwanza, na Kamanda, mgeni wa kila kitu, aliimeza kauli hiyo pamoja na namna ya kutia mafuta kwenye komeo. Mkaguzi akastaafu, barua zikasahaulika, kitambaa kikabaki. Kamanda hakuwahi kuona kwamba anadanganya. Kwake ndivyo daraja linavyoendeshwa.

Babu Grisi naye alistaafu mwaka uliopita, na hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Walikuwa wanne, wakabaki watatu. Alikuwepo Kamanda. Alikuwepo Fundi, mwanamume mnene mwenye goti bovu na maneno matamu. Na alikuwepo Binti, mdogo wao wote, mwenye jicho kali la barabarani na mtoto wa miezi kumi nyumbani. Kamanda aliandika barua kuomba mtu wa nne, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Aliandika ya pili, hakujibiwa. Kwa kuwa chombo kiliweza kufika saa yoyote, na kwa kuwa wawili peke yao wasingeweza hata kula bila kuuacha mto umejaa vyombo, walikuja wote watatu kila siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Miezi minane ilikuwa imepita bila yeyote kupata Jumapili.

Goti la Fundi likavimba. Binti akaanza kusinzia wima. Siku moja alikuwa amesimama kwenye kizuizi, macho mazito, na mwendesha baiskeli akapenya pembeni yake wakati mota imeshaanza kunguruma. Kamanda alimwona kutoka juu, akazima mitambo kwa kiganja kizima. Yule wa baiskeli alivuka akipiga mluzi, hata hakujua. Binti alikaa chini ukingoni mwa barabara, na Kamanda, ambaye kwa kawaida angefoka hadi ng'ambo ya mto isikie, alishuka akaketi kando yake.

Jioni ile alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza nyuma, akachora ratiba. Daraja litafunguliwa mara saba kwa siku, kwa saa zinazojulikana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha kimya, watu wafike kazini na watoto shuleni. Halafu saa tatu, saa nne na nusu, saa sita, saa saba na nusu, saa tisa, na ya mwisho saa kumi na nusu kabla barabara haijafurika tena. Manahodha watazijua saa, watajipanga. Kati ya ufunguzi na ufunguzi mtu atakula chakula chake kikiwa cha moto. Wawili watatosha kwa siku, na wa tatu atakuwa nyumbani amelala. Fundi alipoisoma alivua kofia.

"Dada," akasema, "hii ningeitundika juu ya vile vyeti."

"Chini yake," Kamanda akajibu, lakini alitabasamu.

Aliituma makao makuu, na Jumatatu akaja afisa wa mipango. Alikuwa kijana mwenye miwani na viatu visivyojua grisi, mpole, aliyepanda ngazi zote hamsini na mbili bila kulalamika, jambo lililompa alama mbili tatu mbele ya Kamanda. Alikuwa ameingiza madaftari yote kwenye kompyuta yake. Aliketi, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Mama, ratiba yako ni nzuri," alianza. "Ila siwezi kuipitisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu ya kazi yako mwenyewe." Akamgeuzia kompyuta. "Tazama. Vyombo kumi na vinne kwa siku, dakika kumi na mbili kila kimoja. Hiyo ni chini ya saa tatu za kazi katika siku ya saa kumi na mbili. Na kusubiri ni sifuri. Nimepitia madaraja mengine yote, mama, sijaona kitu kama hiki. Sasa hii ratiba nimeipigia hesabu. Hata manahodha wakijipanga vizuri, watasubiri wastani wa dakika ishirini na tano. Nitamwambia nini mkurugenzi? Tutoke sifuri twende ishirini na tano?"

Fundi alikohoa. Binti akawa anatazama sakafu.

"Na barua zangu za kuomba mtu wa nne?" Kamanda akauliza.

"Zilifika. Ila wakubwa walifungua daftari. Mzee alipostaafu, kusubiri kulibaki palepale, sifuri. Wakasema kumbe hata watatu ni wengi." Kijana alivua miwani akaifuta, macho yake yasikutane na ya Binti. "Pendekezo lililopo ni mbaki wawili. Dada huyu atahamishiwa kivuko cha juu, huko mto unakotokea. Mkurugenzi anakuja Ijumaa kulitangaza, na siku hiyohiyo atakukabidhi cheti cha nne. Hongera sana, mama."

Aliisema hongera ile kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo lililomchoma Kamanda kuliko yote.

Afisa alipoondoka, Binti alikunja vizuri nguo yake ya kung'aa ya barabarani, akaiweka kwenye kiti. Kutoka kwake hadi kivuko cha juu ni mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, akasema, na yeye ana mtoto anayenyonya. Hatalia mbele yao. Ataacha kazi tu, basi. Fundi alisugua goti, akamtazama Kamanda, akakitazama kitambaa cha njano kilichoning'inia kwenye msumari.

"Dada, si umwambie tu yule kijana?"

"Nimwambie nini?" Kamanda alimkata.

Fundi alijiuma ulimi, akashuka kwenda kutia mafuta ambayo hayakuhitajika.

Kamanda alibaki na daftari. Sifuri zake zilikuwa nzuri, lazima tukubali. Alizichora za duara kamili, bila kunyanyua kalamu, na mara nyingi alipokuwa amechoka alizipitia kwa kidole ili moyo wake utulie. Safari hii alizipitia na moyo haukutulia. Alifika kwenye ukurasa wa siku Babu Grisi alipoaga, akaendelea hadi wa jana, akaona kwamba hakuna tofauti. Mtu wa nne hakuondolewa na makao makuu. Alimwondoa yeye, kwa kalamu yake mwenyewe. Na sasa, kwa kalamu hiyohiyo, alikuwa anamwondoa Binti.

Mumewe alikuwa nahodha wa tishari la mchanga, na karibu kila siku alipita chini ya daraja la mkewe. Nyumbani walikuwa na utani wao. "Leo nimesubiri sifuri ndefu kweli kweli, Mama Mapacha," alikuwa akisema, "chai imepoa mara mbili." Kamanda alizoea kucheka na kumwongezea mboga. Jioni ile mume alileta utani wake kama kawaida, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na mke hakucheka. Aliketi kando ya beseni akamweleza yote.

"Nikisema, vyeti vinakwenda," alimalizia. "Jina linakwenda. Miaka ishirini na miwili, Baba Mapacha! Watasema nilikuwa mwongo. Na hata nikisema, nani ataniamini? Neno langu lishindane na daftari langu?"

Mume alitoa miguu kwenye beseni. Kisha akafuta miguu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kesho asubuhi pitia botini kabla ya kazi," akasema. "Kuna kitu nitakuonyesha. Ila usije na hasira."

"Nije na hasira kwa nini?"

"Kuja utakuja bila. Utaipatia hukohuko."

Asubuhi alifika kwenye tishari, akaingia kwenye kibanda cha usukani, kilichokuwa kidogo na kikinukia dizeli na majani ya chai. Mume alifungua kabati dogo la ukutani, akasogea pembeni. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa umejaa maandishi ya penseli, kutoka juu hadi chini. Tarehe na namba, tarehe na namba. Mistari ya juu, ya miaka sita iliyopita, ilikuwa imefifia: kumi na mbili, kumi na tisa, kumi na nne. Kamanda alisoma akiwa wima, kisha ikabidi achuchumae. Mistari ya chini ilikuwa ya mwaka huu: arobaini na moja, thelathini na nane, hamsini na tano.

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, ile hasira iliyotabiriwa ilifika.

"Ulikuwa unanipeleleza!"

"Nilikuwa nasubiri. Mtu anayesubiri lazima ashike kitu mkononi."

"Miaka sita, Baba Mapacha! Nyumbani unanichekea, huku unaniandika!"

"Nyumbani nilikuwa nakwambia kila siku. Wewe ndiye uliyekuwa unacheka." Sauti yake haikupanda. "Siku uliyoleta kile cheti cha tatu, kabla hujakipeleka kazini, ulikiegemeza kwenye jagi la maji ukala ukikitazama. Nilikuona. Nikajiambia, dakika arobaini kitu gani? Nikafunga kabati."

Kamanda alikalia sanduku la zana. Machozi yalimlengalenga, akayazuia, maana alikuwa amevaa sare. Alimtazama mtu huyu aliyepoza chai yake miaka sita chini ya dirisha lake asimtie aibu mbele ya mtu yeyote, na alijisikia mwenye bahati na mwenye makosa kwa wakati mmoja.

"Mlango huu unang'oka?" akauliza mwishowe.

"Bawaba mbili tu." Mume alikuwa ameshashika bisibisi.

Ijumaa jioni, kazi ilipokwisha, ukumbi wa chama cha manahodha ulijaa. Viti vya plastiki vilipangwa, meza ikatandikwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa kikawekwa cheti cha nne, kikubwa kuliko vyote, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Kamanda alikaa mbele, pasi imenyooka hata karatasi ingejikata. Fundi na Binti walikaa nyuma yake. Nje, chini ya dirisha, mumewe alisimama na kitu kipana kilichofungwa kwenye blanketi. Walikuwa wamekubaliana: asiingie mpaka aitwe. "Na nisipokuita," Kamanda alikuwa amemwambia bila kumtazama, "urudishe botini, na tusiliongelee tena maisha yetu yote."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa umbo na wa sauti. Alisoma sifa kwa kuzitafuna polepole, ili kila mtu apate ladha. Miaka ishirini na miwili! Vyombo zaidi ya laki moja! Na hakuna hata kimoja kilichosubiri! Manahodha walipiga makofi. Wengine walipiga huku wakitazama viatu vyao. Kisha mkurugenzi akanyanyua ile fremu, na Kamanda akaona maandishi ya dhahabu yakisema yeye ni mfano wa kuigwa.

Alikitaka cheti kile. Tusimvike utakatifu asiokuwa nao. Alikitaka kwa mikono yote miwili, na alishaipima kwa macho nafasi yake ukutani. Alisimama, akapiga hatua tatu, akafika mbele ya mkurugenzi. Nyuma yake alisikia Binti anapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, makofi ya mtu anayempongeza mama yake siku anayofungasha mizigo.

"Mheshimiwa," Kamanda akasema, "naomba usinipe."

Makofi yakafa. Mkurugenzi alibaki na fremu hewani.

"Vyombo vinasubiri darajani kwangu. Vimesubiri tangu siku yangu ya kwanza." Alipiga moyo konde, akaeleza: honi ya hodi, kitambaa cha njano, honi ya daftari. Hakumtaja Babu Grisi. Alisema "sisi" mwanzoni, kisha akajisahihisha, akasema "mimi".

Mkurugenzi aliwageukia manahodha. "Ni kweli haya? Nani hapa amewahi kusubiri?"

Hakuna mkono ulioinuka. Manahodha waliokuwa wakimlaani kila wiki huko mtoni, wenye midomo inayojulikana bandari nzima, walikauka kama hawajui daraja ni nini. Mmoja alianza kusafisha kucha. Kamanda aliwatazama, na ghafla aliona kwamba wote, kila mmoja kwa namna yake, walikuwa wamejipanga kumlinda. Halafu akafoka.

"Nyoosheni mikono! Mnanionea haya mimi? Wewe wa kofia nyekundu, juzi hukunitukana saa nzima kwa honi? Nyoosha!"

Wa kofia nyekundu akanyoosha. Kisha wa pembeni yake, kisha safu nzima, mpaka mikono ikajaa ukumbini, na nyuma kabisa Fundi naye akanyoosha wake, ingawa maishani mwake hajawahi kuongoza hata mtumbwi.

"Baba Mapacha!" Kamanda aliita dirishani. "Leta!"

Mlango wa kabati ukaingia, ukafunuliwa, ukalazwa juu ya kitambaa cheupe.

"Hiki ni nini?" mkurugenzi akauliza.

"Mlango wa kabati la sukari, mheshimiwa," akajibu mume, kwa adabu zote.

Afisa wa mipango aliinuka kitini kabla hajaitwa. Aliinamia ule mlango, pua karibu iguse penseli, akawa anaandika kwenye kompyuta yake mstari baada ya mstari. Ilichukua muda. Hakuna aliyeondoka. Alipoinua uso, miwani ilikuwa imemshuka hadi nchani mwa pua.

"Mpaka mzee anastaafu, wastani ni dakika kumi na sita," akasema. "Baada yake, arobaini na tatu." Akasukuma miwani juu. "Ratiba ya mama ni ishirini na tano."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kufurahia kuvuliwa nguo mbele ya watu. Alikiweka cheti kifudifudi mezani. Alisema ataandika onyo, na litakaa kwenye faili la Kamanda mpaka atakapostaafu. Vyeti vyote vitatu virudishwe makao makuu. Kuanzia sasa honi ya kwanza ndiyo itakayoandikwa, na daftari litakaguliwa kila mwezi. Akautazama tena ule mlango, kisha kwa shingo upande akasema kwamba ratiba itajaribiwa, na mpaka matokeo yajulikane hakuna atakayehamishwa.

"Una la kusema?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Kamanda akajibu. "Onyo liandikwe jina langu vizuri. Huwa wanakosea."

Alitoka ukumbini bila cheti, kichwa juu. Wa kofia nyekundu alinung'unika kwamba sasa atalazimika kuamka mapema, lakini alinung'unika akiwa amesimama, na wenzake wote walikuwa wamesimama pia. Nje Binti alimshika mkono, hakutaka kuuachia. Kamanda akamwambia aende nyumbani akamnyonyeshe mtoto, na Jumapili asimwone darajani hata kwa bahati mbaya.

Ratiba ilianza Jumatatu. Ilikuwa zamu ya Kamanda na Binti. Fundi alikuwa kwake, amenyoosha goti kwenye kochi, akipiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza kama daraja bado lipo. Ukutani, pale palipokuwa na vyeti, palibaki miraba mitatu ya rangi safi. Fundi alishapendekeza waizibe kwa kalenda. Kamanda alikataa. Ratiba aliibandika kwingine, karibu na mlango, pale kila anayeingia angeiona, na chini yake, kwa maandishi madogo ya mashine, yule kijana wa mipango alikuwa ameongeza mwenyewe: imeandaliwa na msimamizi wa daraja.

Saa mbili na dakika arobaini na tatu ilisikika honi ya kwanza ya siku, moja ndefu. Aliifahamu kabla haijaisha. Mkono wake wa kushoto ulienda wenyewe kwenye kitambaa cha njano, wa kulia ukashika kalamu. Safari hii alianza na kalamu. Akaandika saa ya honi, ile honi hasa, ya hodi.

Kisha akasubiri. Hakuwahi kujua dakika kumi na saba ni ndefu kiasi kile. Barabarani magari yalipita bila kizuizi, na Binti alikaa kwenye kiti chake akila maandazi, akipepesa macho ya mtu aliyelala usiku kucha. Chini, tishari la mchanga lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, na nahodha wake alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, kikombe mkononi, uso umeinuliwa juu dirishani kwake. Kumbe ndivyo alivyokuwa akisimama. Miaka sita Kamanda alikuwa hapa juu akitazama barabara.

Saa tatu kamili. Kitambaa dirishani, honi tatu fupi, kengele, taa nyekundu, vizuizi, komeo. Mabawa yakaanza kupanda. Alirudi kwenye daftari, akafika kwenye safu ya tatu, ambayo kwa miaka ishirini na miwili ilijua namba moja tu, na akaandika kumi na saba. Aliikoleza wino, akaweka saini pembeni yake, ingawa hakuna aliyemwomba saini.

Tishari lilipita katikati ya mabawa. Mumewe alitoa kichwa nje ya kibanda, akapunga penseli hewani.

"Kamanda! Huku kwangu ni kumi na nane!"

Kamanda alitoa kiwiliwili kizima dirishani, ng'ambo zote mbili za mto zikamsikia.

"Saa yako mbovu!"

Akarudi ndani, akatazama saa ya ukutani, kisha daftari. Kumi na saba. Akaiacha ilivyo. Halafu akavuta tumbo ndani, akanyoosha shingo, akayashusha mabawa.